Miche Iliyolelewa Kama Mwali

Siku ya kuniaga mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani na kipaza sauti. Vitenge nimeshashona, saa nimeitundika, ila kipaza sauti kilinishinda. Nilisema asanteni, nikakaa. Baadaye baadhi yenu mlinifuata nje mkasema, Mama Deo, umefanya kazi maabara tangu wengine hatujazaliwa, basi tuandikie hata kidogo. Nimeandika. Vyeo na mishahara sitaviweka humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mmakua wa Lukuledi, fundi sanifu wa maabara, mstaafu. Kazi yangu yote nimeifanyia kwenye kituo kimoja kidogo cha majaribio ya kilimo nje ya mji wa Masasi, na karibu yote ilihusu jambo moja, yaani namna jani la mkorosho linavyojikinga linapochomwa na jua au linapokosa maji. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nilikuwa nasema nachunguza majani. Wengine walidhani mimi ni mganga wa mitishamba, na wawili watatu walinifuata mpaka nyumbani na shida zao.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, vikaishia kwenye matope ya kitalu. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Fulgence, mtu mfupi, mkavu, ambaye kicheko alikiacha nyumbani kwake kila asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanisogezea kinu kidogo cha kaure na mchi wake. Kilikuwa na majani machanga ya mkorosho. Akaniambia nitwange. Nikajisemea moyoni, nimesoma miaka yote ile nije kutwanga kisamvu. Nikatwanga, na kabla sijamaliza yale majani yalishageuka kahawia kama chai ya jana. Mzee Fulgence akamwaga yote, akasema nimechelewa, nianze upya. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu akaniletea barafu tuizungushie kinu, na hapo rangi ikabaki kijani mpaka mwisho. Friji yetu ilikuwa haigandishi, kwa hiyo barafu tuliinunua sokoni kwa mama mmoja aliyeuza barafu za ukwaju, na kwa muda mrefu maabara ile ilinukia ukwaju kuliko kemikali.

Somo la kwanza lilitoka humo kinuni. Ule ukahawia, aliniambia, ni kazi ya oksijeni, hewa hii hii inayotuweka hai. Seli ikipasuka, oksijeni inavifikia vitu vilivyokuwa vimetengwa ndani yake na kuvila. Yeye aliita kutu. Akaendelea kuwa hata jani zima lililo mtini linapata kutu yake. Jua likiwa kali na maji yakiwa haba, jani hufunga vinywa vyake ili lisikauke, na ile nguvu ya jua ambayo lingeitumia kutengeneza chakula inakosa pa kwenda. Inaiangukia oksijeni na kuifanya kali. Oksijeni kali hutoboa utando wa seli, huharibu protini, hufika mpaka kwenye jeni. Nasi binadamu tunayo, kila apumuaye anayo.

"Tofauti ni kwamba wewe jua likikuchoma unakimbilia kivulini," alisema. "Mkorosho ukimbilie wapi?"

Swali hilo nililibeba miaka mingi, na jibu lake ndiyo kazi niliyoifanya. Nawaandikia kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila mwaka nilipokea wanafunzi wa mafunzo waliodhani kwamba mmea ama una kinga ama hauna, kama mtu aliyechanjwa na asiyechanjwa. Sivyo ilivyo. Ndani ya kila seli zipo jeni za kutengeneza dawa ya kutu, vimeng'enya vya kuivunja oksijeni kali iwe maji na hewa ya kawaida, na vitu vingine vya kurekebisha kilichokwisha haribika. Lakini dawa hiyo ni ghali kuitengeneza, na seli haipendi hasara. Hali ikiwa shwari jeni hizo husomwa kidogo tu, kiasi cha kutosha kutwa.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa seli zetu sisi na za wanyama. Yumo mjumbe, protini inayoitwa Nrf2. Kazi yake ni kuingia kwenye kiini cha seli, kukaa mwanzoni mwa zile jeni na kuamuru zisomwe. Siku za amani kuna protini nyingine, Keap1, inayomkamata kila anapozaliwa na kumpeleka akavunjwe. Anazaliwa, anavunjwa, anazaliwa, anavunjwa. Mzee Fulgence alisema ni sawa na mjumbe wa nyumba kumi aliyeshikwa shati mlangoni pake. Sasa oksijeni kali ikizidi, inamgusa yule mshikaji penye salfa yake, umbo lake linapinda, mkono unalegea. Wajumbe wapya hawavunjwi tena, wanaongezeka, wanaingia kiinini, na jeni za dawa zinafunguliwa kwa pamoja. Mambo yakitulia, mshikaji anarudi kazini. Mimea haina Nrf2, ina wajumbe wake wa namna nyingine, ila utaratibu unafanana, maana kwenye mimea pia ni ile kutu yenyewe, ikiwa kidogo, inayobisha hodi na kuamsha kinga.

Shikeni hilo neno "kidogo". Kazi hii yote huchukua muda, saa kadhaa mpaka siku kadhaa. Kutu ikija kidogo kidogo, seli inawahi kujiandaa. Ikija yote kwa mkupuo, seli inakufa huku dawa bado inapikwa. Anayekuza miche akilijua hilo moja, mengine yote atayasoma taratibu.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa mashine. Mashine tuliletewa, zikaharibika, mafundi wake walikaa mbali. Mimi nilipenda ile dawa ya unga tunayoyeyusha na kuloweka majani. Pale penye hidrojeni peroksidi, ambayo ni mojawapo ya zile kutu, inaganda rangi ya kahawia. Kisha unalichemsha jani kwenye spiriti mpaka ukijani wote utoke, linabaki jeupe kama karatasi na madoa yake ya kahawia yakionyesha mahali lilipoteseka. Spiriti ichemsheni ndani ya maji ya moto, kamwe msiiweke juu ya moto wenyewe. Mapazia ya maabara yetu hayakuondolewa kwa sababu ya urembo.

Kulikuwa na kazi nyingi ngumu, ila moja ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara, ile ya akina mama wa Kitangari. Mzee Fulgence alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kiti chake.

Kituo chetu kilikuwa kimewafundisha akina mama wa Kitangari, kule juu Newala, kuotesha miche ya korosho kwenye viriba vya plastiki na kuibebesha, yaani kukata kikonyo cha mkorosho bora na kukiunga juu ya mche mchanga. Kiongozi wao alikuwa Bi Somoe, mama wa makamo aliyejulikana zaidi kwa kazi nyingine. Alikuwa kungwi. Wasichana wa vijiji vingi vya jirani walipitia mikononi mwake wakati wa unyago. Mwenzake katika kikundi alikuwa Mama Sharifa, na habari hii ni yake.

Mama Sharifa alirithi shamba la korosho kwa mama yake. Mikorosho ilikuwa mikubwa na mizee, haizai, na kila mwaka ugonjwa wa ubwiriunga uliipaka maua yote unga mweupe. Tukamshauri, kama wengine, aikate apande mipya. Lakini shamba la upande wa mama lina mwenyewe, na mwenyewe ni mjomba. Mzee Hamisi, kaka wa marehemu mama yake, alikataa kwanza, kisha akakubali kwa sharti alilolitamka mbele ya ndugu wote. Msimu huo huo ardhi iwe na mikorosho iliyosimama. Ikibaki tupu, atawagawia wengine wa ukoo walime muhogo, maana shamba la ukoo halikai uchi. Mama Sharifa akakata miti ya mama yake. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na shamba jingine.

Msimu wa kupanda ulipoanza, nilipigiwa simu na bwana shamba wa kata. Miche ya akina mama inakufa ovyo, alisema, na watu wanasema kituo kimewapa vikonyo vyenye ugonjwa. Nikapanda basi la Newala, kisha bodaboda mpaka Kitangari, nikashuka nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka soksi.

Kwenye mashamba ya wenzake Mama Sharifa nilikuta majani yamebabuka. Upande wa juu, unaotazama mbingu, yalikuwa meupe yaliyopauka, kisha kahawia. Nilichana shina, lilikuwa kijani. Nilitazama kiungo cha kikonyo, kilikuwa kimeshikana vizuri. Mizizi mizima. Hapakuwa na ugonjwa wowote, miche ile ilikuwa imeungua na jua. Nikaomba kupelekwa kitaluni.

Kitalu kile kilikuwa kizuri kuliko chetu, nasema kweli. Kilikuwa kimeezekwa nyasi nene hata ukiingia macho yalihitaji muda kuzoea giza. Ndani ilibaki miche ya Mama Sharifa peke yake, kwa kuwa kung'oa visiki vya mikorosho mizee kulimchelewesha kuchimba mashimo. Ilikuwa mirefu, myembamba, yenye majani mapana, laini, ya kijani kilichokolea. Nikauliza mnaimwagiliaje. Asubuhi na jioni, kila siku, wakanijibu. Mnaojua Kitangari mnajua neno hilo lina uzito gani. Maji pale ni foleni ya tangu alfajiri, na bomba likikauka ni kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Maji hayo waliipa miche kabla hawajaoga wao.

Bi Somoe akanieleza kwa fahari na kwa uchungu pamoja. "Tumewalea kama mwali, Mama Deo. Mwali hapigwi na jua. Tukawaweka ndani, tukawalisha, tukawanywesha, hata ilipofika siku yao tukawatoa na ngoma."

Kumbe waliwatoa kweli na ngoma. Siku ya kupanda walivaa khanga za sare, wakaibeba miche vichwani kwa vigelegele, wakaifikisha mashambani jua la saa sita likiwa limesimama, tena kwenye ardhi wazi ambayo miti yake imekatwa. Mimi nimetoka unyagoni mwenyewe, nikajua kila hatua waliyoifuata na sababu yake. Sikujua nicheke au nilie. Mche uliokaa gizani na kunyweshwa kila siku haujawahi kuonja kutu hata kidogo, na jeni zake za kinga hazijapata sababu ya kufunguka. Walikuwa wameyapeleka majani yasiyojua jua kwenye jua lote, siku moja.

Niliwaeleza akina mama wote habari ya oksijeni na wajumbe, kwa maneno mepesi niliyoyaweza. Walinisikiliza kwa adabu. Walipomaliza kunisikiliza, Mama Sharifa aliuliza kama yale ya mjumbe yatarudisha mikorosho ya mama yake. Nikasema hapana. Basi, akasema, hii iliyobaki isitoke mpaka mvua ziwe nyingi kabisa, isije ikaguswa. Nikamwambia ikisubiri hivyo itakufa kama mingine. Inabidi ianze kuumia sasa, kidogo kidogo. Akaitazama miche yake, akanitazama mimi, na sikuona dalili kwamba ameniamini.

Nilimwomba Bi Somoe tukae pembeni, nyuma ya kitalu, wawili tu. Pale kijijini bila neno lake hakuna jani la nyasi ambalo lingetoka kwenye paa lile.

"Sasa unataka mwali atolewe kabla ya siku yake," alisema. "Mimi niliwafundisha hawa kwamba hilo ni mwiko."

"Bi Somoe," nikamwambia, "wewe ni mkubwa wangu, nisamehe. Lakini mimi na wewe tumekaa kule ndani. Tunajua mwali hakuwekwa kule alale na kunenepa tu."

Ya unyagoni hayasemwi, nami siyasemi hapa, ila kila mwanamke aliyepita anajua kwamba mle ndani kuna kufundwa, na kufundwa kunauma. Mwali hutoka akiwa ameshapata kuyaonja mambo. Bi Somoe akaanza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga.

"Hayo usiyaseme mbele ya wanaume," akasema. "Kumbe tuliwaweka ndani, hatukuwafunda."

Alirudi kitaluni akaagiza nyasi za upande wa mashariki zitolewe, ili miche ipate jua la asubuhi peke yake. Utaratibu tuliokubaliana ni huu ninaowapa nanyi. Baada ya jua la asubuhi kuzoeleka, fungua zaidi, mpaka siku za mwisho paa lote liwe limeondoka. Maji punguza taratibu, kwanza mara moja kwa siku, kisha ruka siku. Mche ukilala mchana, uache. Ukiinuka wenyewe jioni, unajifunza. Ukiwa bado umelala alfajiri, hapo mwagilia upesi, umeshindwa. Msiende kwa kalenda, nendeni kwa majani.

Ni rahisi kuandika, lakini wakati ule mgumu haukuwa wangu. Mimi nilirudi Masasi. Mama Sharifa ndiye aliyebaki kila siku mchana akiitazama miche yake iliyolegea, ile pekee iliyobaki, huku mjomba wake akipita barabarani na kusimama. Alinipigia simu mara nyingi. Hakuwa na mengi ya kusema, alikuwa anasema tu, wamelala, Mama Deo. Nami nauliza jana jioni je? Waliinuka. Basi tuwaache. Siku moja akaniambia Mzee Hamisi ameshaanza kuulizia nani ana mbegu ya muhogo.

Niliogopa. Wenzangu mnanijua mimi si mtu wa kutetemeka, lakini zile siku niliogopa. Vitabu vilikuwa upande wangu, na vitabu husema miche mingi hupona. Havisemi lolote kuhusu wa Mama Sharifa. Ningekosea, ningeandika ripoti na kuendelea kula mshahara, yeye angeondoka kwenye shamba la mama yake.

Nilikwenda tena kuchukua majani. Kabla ya kufungua paa nilikuwa nimeshachukua mengine, nikayaweka juani kwa muda kisha nikayaloweka kwenye ile dawa yangu, yakajaa madoa ya kahawia. Safari hii niliyatendea yale yale, jua lile lile na dawa ile ile, kisha nikayachemsha na kuyaanika dirishani. Yalikuwa na vidoa vichache, vya pembezoni. Dawa ya kutu ilikuwa imeshapikwa humo ndani. Majani yenyewe yalikuwa yamebadilika hata ukiyashika, madogo zaidi, manene, yanakatika kwa sauti. Na machipukizi mapya yalikuwa yanatoka mekundu kama udongo wa Newala. Rangi hiyo nayo ni kinga, kama mwavuli wa jani changa. Nikampigia Mama Sharifa nikamwambia mvua ikilowesha ardhi vizuri, wapande, na wapande jioni. Akauliza kama waite ngoma. Nikamwambia ngoma isubiri.

Walipanda. Mvua ikanyesha vizuri, kisha, kama inavyofanya kila mwaka katikati ya msimu, ikakata. Tulizoea ikate kidogo. Mwaka ule ilikata hata mahindi yakaanza kujikunja. Mama Sharifa hakunipigia. Kukaa kimya kwake kulinitisha kuliko simu zake zote, nikaomba ruhusa nikaenda bila kuitwa.

Nilifika shambani jua likiwa la utosi. Miche yote ilikuwa imelala. Majani yalikuwa yananing'inia kila shimo, mstari kwa mstari, na Mama Sharifa alikuwa amekaa chini ukingoni mwa shamba, midomo imemkauka, anaitazama. Nilimsalimu, nikakaa naye. Nikamuuliza kama jioni wanainuka. Akasema mpaka jana waliinuka. Ya leo hajui.

Tukiwa hapo tukamwona Mzee Hamisi anakuja kwa mguu kutoka upande wa kijijini. Nilitazama kama ameshika jembe. Alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani, mzee mzima, mwanamume, maji yakimchuruzika mabegani, na kwenye bomba siku hizo hapakutoka kitu. Alikuwa ameshuka bondeni na kupanda nayo. Alipita mbele yetu mpaka kwenye mche wa kwanza, akaishusha ndoo, akachota kwa kikombe cha plastiki, akainama.

Mama Sharifa alisimama. Pale kwetu mpwa hamkatazi mjomba, na hasa mjomba aliyeshika ardhi. Aliufunga upya mtandio wake kwanza.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wanakufa hawa."

"Hawajafa, wamelala. Ukiwapa maji saa hizi wataacha kujitafutia. Weka kikombe, mjomba."

Mzee Hamisi alimtazama mpwa wake, akanitazama mimi, mtu wa kituo, kama vile maneno yale nimemfundisha mimi. Sikuwa nimefungua mdomo. Kikombe kilibaki hewani juu ya ule mche. Kisha akakirudisha ndooni, akaja akakaa chini pamoja nasi.

Tulikaa hapo mchana wote. Mzee Hamisi alisimulia kidogo jinsi dada yake, mama wa Mama Sharifa, alivyoipanda ile mikorosho iliyokatwa akiwa mjamzito, na kwamba yeye ndiye aliyemchimbia mashimo. Mama Sharifa hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Jua likaanza kuvuka, kivuli chetu kikarefuka mpaka kwenye miche. Mama Sharifa ndiye aliyeona kwanza, akanyoosha kidole. Jani moja la mche wa karibu lilikuwa limejinyanyua kidogo. Tukangoja. Likafuata jingine, kisha mche wa pili, kisha mstari, na giza lilipokaribia shamba lote lilikuwa limesimama, majani yake yametazama juu.

Mzee Hamisi alivuta pumzi, akasema kesho atawaambia wale wa muhogo watafute mahali pengine. Halafu akajikokota mpaka penye ndoo, akachota kikombe kikajaa, akakileta na kukiweka mkononi mwa mpwa wake.

"Basi kunywa wewe," akamwambia.